Ujumbe Uliowatangulia Wenye Msiba

Mzee Abbas amefariki kabla sijamjibu swali lake. Aliniuliza mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, na tangu hapo hakuniacha: dukani kwangu, benki, mpaka siku niliyomkuta hospitali kwenye kiti cha magurudumu, pumzi zenyewe za kuazima. "Zuhura, ushamwomba radhi yule binti?" Nami kila mara nilimpa jibu la muuza duka aliyeishiwa bidhaa: njoo kesho Mzee, kesho ipo. Alikuwa anatikisa kichwa tu. Alikuwa mfanyabiashara maisha yake yote, kesho za namna hiyo alizisikia kwa watu wengi kabla yangu.

Siku ya tatu ya msiba wake nilikwenda kwenye ukumbi wa jamaa zake, Washia wa asili ya Kihindi, watu wanaojua kupanga majonzi yao kama wanavyopanga maduka yao: wanaume huku, wanawake kule, chai ya maziwa inapita, na kina mama waliovaa nyeusi wanakupa pole wewe mgeni kana kwamba ndiwe uliyefiwa. Mlangoni nilihesabu viatu. Jozi arobaini na moja. Nikarudia: arobaini na moja na ndala moja isiyo na mwenzake. Nahesabu ninapoogopa, na nilikuwa naogopa, kwa sababu kabla sijavua vyangu nilikuwa nimeshamwona mtu aliyekaa mstari wa pili, karibu na feni, kitambaa cheusi kichwani ambacho hakukizoea. Nitamwita Upendo. Si jina lake. Mengine yote haya kanipa ruhusa kuyaandika, tena kwa maandishi, nikayasoma mara mbili.

Nilimjua mwaka niliofundisha. Mwaka mmoja tu, kwenye chuo kidogo cha kompyuta cha Mzee Abbas, Temeke, ghorofani juu ya duka la mabati na misumari. Kabla ya hapo nilikuwa na meza Mbagala, nauza simu za mtumba na makava. Mzee alikuja kununua chaja, tukabishana bei nusu saa, na mwisho akaniuliza kama najua kompyuta.

"Najua simu," nikamwambia.

"Simu kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua kupiga, Mzee. Mie najua zinavyomwaga siri za wenyewe."

Nikamweleza. Mtu analeta simu yake kuuza, katoa laini, anadhani kamaliza. Humo ndani kaacha picha za mkewe katoka kuoga, majibu ya vipimo, ugomvi na kaka yake wa miezi sita. Nilikuwa nafuta vyote bila kusoma. Sawa, vichache nilisoma. Ndipo nikajifunza kwamba watu wa mji huu, ambao hawawezi kupita mbele ya mkubwa bila shikamoo, ambao wanabisha hodi mara tatu mlangoni kwa jirani, wakishika simu wanakuwa kama watu walioingia nyumba isiyo na mlango. Mzee Abbas akanisikiliza, akalipia chaja bila kuomba apunguziwe tena, akasema wanafunzi wake wanajua kuchapa barua lakini hawajui kutumiana salamu. "Njoo uwafundishe hilo hilo. Adabu."

Chumba chenyewe nakikumbuka kuliko vyumba nilivyolala. Kompyuta kumi na mbili, mbili kati yake mapambo. Wanafunzi ishirini na watatu wa asubuhi, wawili wawili kwa kiti na stuli. Ukuta uliotutenga na ofisi ulikuwa wa mbao nyembamba, ukipiga chafya ofisini unaambiwa afya darasani. Saa nne mama lishe wa chini alipandisha chapati na maharage kwenye hotipoti, na harufu ikifika tu hapakuwa na somo tena. Ulikuwa mwaka ambao simu za tachi zilianza kushuka mpaka kwa watu kama sisi, kila mtu ana kagrupu: grupu la ukoo, la kamati ya harusi, la waliosoma pamoja darasa la tatu. Nikawaundia na wao grupu la darasa, ili nifundishe hapo hapo wanapokosea.

Na walikosea kwa moyo wote. Kulikuwa na kijana mmoja, Dulla, mchekeshaji wa darasa, aliyenitumia saa tano usiku: "Oya madam niaje." Asubuhi nikamsimamisha.

"Dulla, jana ungenikuta sokoni ungeniambia oya?"

"Aah madam, sokoni ningekusalimia vizuri. Si ungeniona?"

Darasa likaangua kicheko, mie nikaandika jibu lake ubaoni, kwa sababu lilikuwa somo zima. Tunakuwa na adabu kwa sababu tunaonekana. Basi nikawaambia: andika kana kwamba mtu amekaa mbele yako na mamake yuko nyuma yake. Tukajadiliana mambo kama watu walio gulioni. Kupiga picha ya maongezi ya mtu na kuyapeleka kwa mwingine, wakaomba iruhusiwe mtu akikutukana. Nikakataa, tukaelewana kwamba unamwonyesha mkubwa mmoja, basi. Kumpiga mtu picha anakula, hapana. Kuweka matokeo ya mdogo wako hadharani, muulize kwanza mwenye matokeo. Na kanuni yangu kubwa, niliyowafanya waikariri: kabla ya kutuma hesabu mara mbili, habari hii ni ya nani, na macho mangapi yataiona.

Upendo alikaa karibu na dirisha. Mtoto wa Kibamba, wazazi wake walikuja kutoka bara, baba karani mstaafu aliyekuwa mgonjwa wa moyo kwa muda mrefu. Alisema machache. Siku moja tulipokuwa tunabishana kama ni vibaya kuweka habari ya mgonjwa wenu kwenye grupu la ukoo ili aombewe, aliinua mkono. "Madam, baba yangu hapendi watu wajue anaumwa. Anasema ugonjwa ni wake, sisi tunamsaidia kuubeba tu." Nilitamani ningesema hivyo mie. Nililiiba neno lake nikalitumia darasa la jioni.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mapumziko ya chapati yalikuwa yamekwisha, wanafunzi wanajifunza wenyewe, mie nilikuwa ofisini na Mzee Abbas tunabishana kuhusu feni. Simu ya ofisi ikalia. Mzee akasikiliza, akakaa, akasema innalillahi kwa sauti ya chini. Aliyepiga alikuwa baba mdogo wake Upendo. Baba yake binti amefariki asubuhi ile. Wanakuja kumchukua na gari. Msimwambie kitu, wakasema, mwambieni tu baba anaumwa kidogo anamtaka.

Kwa msomaji wa mjini sihitaji kueleza, lakini nitaeleza kwa watoto wa siku hizi wanaosoma misiba yao mitandaoni kabla jeneza halijapatikana. Kwetu kifo hakitumwi. Kinapelekwa na mtu mzima, kwa miguu yake, nyumbani. Mfiwa anaongopewa njia nzima na kila mtu anajua anaongopewa, mpaka akae chini, ashikwe mikono na wanawake wawili, ndipo mkubwa amwambie. Ule uongo ni mto anaolazwa juu yake. Mzee Abbas, dini nyingine na ya wafiwa, asili nyingine, alilijua hilo vizuri. Akaniambia, "Zuhura, walimu wenzako watano, asije mmoja akamkuta kwenye ngazi akampa pole. Waambie sasa hivi."

Nikachukua simu. Nikaandika: "Walimu wenzangu, baba yake Upendo wa asubuhi amefariki leo. Mwenyewe hajaambiwa. Tafadhali asisikie kwetu, ndugu zake wanakuja." Nikausoma mara mbili. Nikahesabu walimu kichwani, watano. Nikatuma.

Halafu nikasikia simu zikitetemeka upande wa pili wa ukuta. Si moja. Zilitetemeka juu ya meza za mbao, moja baada ya nyingine, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Magrupu yote mawili, la walimu na la darasa, nilikuwa nimeyawekea picha moja, nembo ya chuo. Nilihesabu habari, nikahesabu walimu, sikuangalia mlango niliokuwa nabisha hodi. Na miaka ile ukishatuma umeshatuma. Kufuta kwa watu wote kulikuwa hakujaja.

Nilipoingia darasani palikuwa kimya. Watoto wale ambao nilikuwa nashindwa kuwanyamazisha kwa rula, wote macho kwenye kompyuta. Dulla anachapa, na kompyuta yake ni mojawapo ya zile mbili zilizokufa. Upendo alikuwa anapanga jedwali lake, simu yake kifudifudi karibu na kibodi. Nikarudi mlangoni, nikafungua orodha ya waliousoma ujumbe. Ishirini na wawili. Nikahesabu tena, jina kwa jina. Jina lake halikuwepo. Kaacha kusoma mmoja tu, na ndiye yeye! Nilimshukuru Mungu kama mtu aliyeokota pesa.

"Upendo, hebu niazime simu yako kidogo."

Akanipa. Mie niliyewafundisha mwezi mzima kwamba simu ya mtu ni chumba chake cha kulala, nikaichukua nikaitia mkobani. Nikamwambia baba yake hajisikii vizuri, baba mdogo anakuja, nitamsindikiza. Akasema, "Sawa madam." Akahifadhi kazi yake, akazima kompyuta kwa utaratibu niliowafundisha, akachukua mkoba. Wenzake hawakumpa mkono, hawakusema pole, hawakumtazama. Ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyeropoka. Mtu angepita angesema watoto gani hawa wasio na utu.

Njiani kuelekea Kibamba baba mdogo aliendesha kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. "Presha tu imempanda," akasema tulipopita Ubungo. Tulipofika Kimara akasema tena, "Presha bwana, ni ugonjwa wa kudhibiti." Upendo akajibu, "Ndiyo, baba mdogo." Mie nikaongezea shangazi yangu ambaye presha ilimpanda mpaka mia mbili na leo yuko hai anagombana na wajukuu. Sina shangazi wa namna hiyo. Nilinunua maji ya chupa kwa mchuuzi, kwa mara ya kwanza maishani bila kumwambia apunguze. Upendo aliishika ile chupa mpaka Kibamba bila kuifungua.

Nyumbani walikuwa wamejiandaa. Turubai halijafungwa, viti vya kukodi vimerundikwa nyuma ya nyumba ya jirani, waliokuwa wanalia wameambiwa wanyamaze mpaka aingie. Uani jiko limezimwa, sufuria kubwa limefunikwa kanga. Akapita katikati yetu, akaingia sebuleni, akakaa kwenye mkeka. Shangazi zake wawili wakamshika mikono huku na huku. Baba mdogo akapiga magoti, akasema, "Mama, jikaze. Baba yako ametutoka." Wanawake wakaangua kilio. Upendo akasema, "Sawa." Akatazama mbele. Hakulia. Wakamtikisa, wakammwagia maji, hakulia. Nikiwa mlangoni nilimsikia shangazi mkubwa akimwambia mwenzake, si kwa kunong'ona sana, "Mh! Umeona moyo huo? Chuma. Hao ndio wasomi wetu." Na mwingine: "Baba mtu alimpenda kuliko wote." Nikaona ni mshtuko. Jioni, chini ya turubai, nilimrudishia simu. Nilikula wali maharage sahani mbili. Nakiri hilo pia.

Usiku ule nilimwambia Mzee Abbas nilichofanya, na kwamba Mungu kasaidia, mwenyewe hakuona. Ndipo akauliza kwa mara ya kwanza: "Na utamwomba radhi lini?" Nikasema, Mzee, radhi ya nini kama hakuona? Akasema, "Wenzake ishirini na wawili walijua kabla ya yeye kujua. Hiyo pekee haitoshi?" Nikaomba muda. Baada ya arobaini. Arobaini ikapita, nikaomba baada ya mtihani. Upendo alirudi, akamaliza wa kwanza, alikuwa anasema machache, sasa akawa hasemi kabisa. Nilimpa mkono siku ya vyeti. Mwaka ukaisha, nikarudi kwenye biashara ya simu, na kwa Mzee Abbas nikabaki na kesho zangu. Nimepunguziwa bei na watu wagumu sana hapa mjini, lakini sijawahi kujipunguzia mwenyewe kama nilivyojipunguzia kosa lile: kwanza likawa ajali, kisha ajali ndogo, kisha kisa cha kuchekesha cha mwalimu fulani ninayemfahamu.

Basi pale ukumbini, chai ilipokwisha, nikahamia mstari wa pili. Upendo sasa ni mama wa watoto wawili, karani wa masjala, anatunza mafaili ya watu. "Shikamoo madam," akasema. Nikaitikia, nikamwambia yote kwa pumzi moja, kabla sijaanza kujadiliana na nafsi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Niliuona," akasema.

"Haiwezekani. Nilihesabu."

"Uliwahesabu walioufungua. Simu yangu iliwaka juu ya meza, madam. Neno la kwanza walimu wenzangu, halafu baba yake Upendo amefariki. Hayo yalitokea kwenye kioo, sikuhitaji kufungua. Nikaigeuza."

Yeye akaendelea kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma faili. Alilia kwa ndani kuanzia Temeke hadi Kibamba. Aliona jinsi baba mdogo anavyohangaika na uongo wake, akaona akimwambia anajua, ataulizwa kaambiwa na nani, na mie nitatajwa msibani. "Na nilikuwa nasikia huruma kwako. Ulikuwa unatetemeka kuliko mimi. Nikasema ngoja nifike nilie huko. Nilipofika, kilio hakikuja tena. Kilikuwa kimeshapita." Shangazi zake wakamwita moyo wa chuma. Siku ya harusi yake walimwita hivyo, alipojifungua wakamwita hivyo, na shangazi mkubwa amekufa akimwita hivyo. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mamake.

Nikamwambia twende kwa mama, kesho. Akasema yamepita. Nikasema hapana, safari hii kesho ni kesho. Akakataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Utasema wewe. Mimi nitakaa tu."

Mama yake tulimkuta Kibamba uani, amekaa kwenye benchi la ukutani, anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, nikakaa chini, nikasema. Vidole vyake havikusimama mpaka nilipofika kwenye simu zilizotetemeka. Hapo akaweka ungo pembeni.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilijua kwamba kaja anajua. Sikujua kaambiwa na nani."

Upendo akainua uso. "Ulijuaje, mama?"

"Mtu anayeitwa kwa mgonjwa, akifika mlangoni huuliza mgonjwa yuko wapi. Wewe uliingia ukakaa kwenye mkeka. Hukuuliza."

"Na shangazi waliposema…"

"Nilinyamaza. Niliogopa nikiuliza nani kakwambia, msiba utageuka kesi. Kisha miaka ikapita, nikaona aibu kwa kuchelewa." Akanitazama mie aliposema hivyo, bila hasira, kama watu wawili wanaokutana na mali moja ya wizi mikononi. Halafu akajisogeza kwenye benchi, akavuta kanga ikae vizuri mabegani, akabadilisha sauti. "Mwanangu, kaa karibu nikwambie. Siku ile baba yako aliamka kabla yangu. Akaoga. Akataka uji, nikampa, akasema hauna chumvi, na kweli haukuwa na chumvi. Akauliza leo Upendo ana masomo mpaka saa ngapi…"

Nikasimama nitoke. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya nyumba niliposikia Upendo akimkatiza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtoto aliyekuja mbio kutoka mbali.

"Mama, baba alikuwa wapi?"

"Hapa," mama akasema, akipiga kiganja kwenye benchi, pembeni yake. "Alikuwa amekaa hapa."

Ndipo Upendo akalia.